Tiba ya Soni

Kidhibiti kilipotea Jumanne asubuhi, na kabla ya adhuhuri Mbaruku Singano alikuwa ameshakiri kwamba yeye ndiye aliyekiiba.

Hakupigwa wala hakutishwa. Chumbani walikuwamo watu watatu tu. Mmoja ni Muuguzi Perpetua, msimamizi wa kliniki ya Mahakama ya Tiba pale Ngamiani, Tanga. Wa pili ni Mbaruku mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyekuja kupimwa kama alivyokuja kila juma. Wa tatu alikuwa mgeni: Daktari Siwema Shemdoe, mtafiti aliyetumwa kutoka Dodoma kuitathmini mahakama hiyo na kuishauri serikali kama ienezwe mikoa yote au ifungwe.

Perpetua alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. "Jamani, kidhibiti nilikiweka hapa," alisema, wala si kwa ukali. "Nani amekiona?"

Siwema alitikisa kichwa. Kisha akamtazama Mbaruku. Alimtazama tu, vile watu wanavyomtazama aliyewahi kuwa teja pale kitu kinapopotea.

Mabega ya Mbaruku yalishuka. Jasho lilimtoka usoni, na mkono wake ukaenda nyuma ya sikio la kulia, mahali ambapo chini ya ngozi palikuwa na ile punje waliyoiita Soni.

"Ni mimi," alisema. "Nisameheni. Ni mimi."

"Wewe?" Perpetua alishangaa. "Kiko wapi basi?"

"Nimekitupa chooni. Saa ile nilipotoka nje."

"Mbaruku, baba, kwa nini?"

Mbaruku alikuwa akiyaangalia malapa yake kama mtu anayetamani kuingia ndani yake. Perpetua alisitasita kabla ya kupiga simu, kwa sababu alijua kitakachofuata. Mwenye kidhibiti angeweza kuipunguza Soni ya mtu yeyote, na sheria haikuacha nafasi ya msamaha: mgonjwa aliyekigusa amevunja kiapo, naye hurudi gerezani kumalizia kifungo chake. Askari walipofika, Mbaruku alinyoosha mikono afungwe pingu kabla hawajamwambia.

Siwema alimwonea huruma. Lakini ndani ya huruma ile mlikuwa na kitu kingine, ambacho baadaye hakupenda kukikumbuka: alifurahi kidogo. Taarifa yake ilikuwa njema mno, na taarifa njema mno haiaminiki. Sasa amempata mmoja aliyeshindwa, wa kutajwa kwenye ukurasa wa mwisho.

*

Mahakama ya Tiba iliundwa kwa ajili ya watumiaji wa unga waliokamatwa kwa makosa yasiyomwaga damu. Mbaruku alikuwa amekata nyaya za shaba kwenye kituo cha kuchajia bodaboda, akaziuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akabwia. Hakimu alimpa la kuchagua: gereza, au Soni kwa muda uleule, akilala kwao, akifanya kazi, na kila Alhamisi akisimama kizimbani kuelezea juma lake lilivyokwenda.

Soni yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele. Ilisikiliza mwili: mapigo ya moyo, jasho, misuli ya koo inavyojikaza. Kiu ya unga ilipoanza kupanda, hata kabla mwenyewe hajaitambua, punje ilipeleka mkondo mwembamba wa umeme katika ile sehemu ya ubongo inayomfanya mtu aone haya. Basi. Haikuumiza, haikulevya. Mtu alijisikia kama aliyekutwa uchi barazani na wakwe zake, na aliyekutwa uchi na wakwe hafikirii unga. Ukali wake ulipangwa kuanzia moja hadi tisa, na aliyepanga ni hakimu.

Na ilifanya kazi. Siwema alikuwa amezunguka mji mzima akihoji. Waliotoka gerezani walirudia unga karibu wote. Wa Soni hawakurudia. Hawakuiba, hawakugombana, hawakuchelewa kazini. Waajiri waliwagombania.

"Hawa hawaombi nyongeza ya mshahara," mwenye karakana mmoja alimwambia akicheka, na Siwema aliyaandika maneno hayo bila kuyafikiria.

Jumatano asubuhi, katika chumba chake cha nyumba ya wageni, alikuwa akitafuta miwani. Aliuinamisha mkoba juu ya kitanda. Ikadondoka miwani, ukadondoka mtandio, na kutoka katika mikunjo ya mtandio kikadondoka kidude cheusi, kikubwa kama kiberiti.

Alikaa kitandani. Picha ilimrudia yote. Perpetua alikuwa amegeuka kunawa mikono. Yeye Siwema akakichukua kidhibiti kutoka kwenye droo asome namba zake. Simu ikaita kutoka Dodoma. Akaipokea, na mkono uliokuwa mtupu wa mawazo ukatia mkobani kila kilichokuwa mbele yake.

Alikuwa ameiba yeye. Bila kukusudia, lakini ni yeye.

Halafu likamjia swali lililomtisha kuliko kosa lenyewe. Ikiwa kidhibiti kilikuwa mkobani mwake muda wote ule, Mbaruku alikiri nini?

*

Hakimu Mntangi alimpokea ofisini kwake kwa bashasha, akamvutia kiti. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sauti, na ndiye aliyeipigania mahakama ile tangu ilipokuwa wazo la kuchekwa. Siwema aliweka kidhibiti mezani, akaeleza. Bashasha iliondoka taratibu.

"Alhamdulillahi kimepatikana," hakimu alisema mwishowe. "Kesho nitatangaza kuwa kimeonekana kliniki, na Mbaruku nitamwachia. Yamekwisha, Daktari. Mtu hasahau?"

"Mheshimiwa, yeye alikiri."

"Nimekusikia."

"Alikiri kitu ambacho hakukifanya. Tena alisema mpaka alikokitupa." Siwema alijaribu kuweka sauti yake sawa. "Soni inasikiliza moyo unavyokwenda mbio. Lakini moyo hauendi mbio kwa kiu peke yake. Mtu akishukiwa, moyo unamwenda mbio vilevile. Nilimtazama vibaya, akaogopa, na Soni ikadhani ni unga. Ikamjaza haya. Na mtu aliyejaa haya hutafuta amefanya nini. Asipoliona kosa, analitunga."

Hakimu alisimama, akaenda dirishani. Nje, baiskeli zilikuwa zikipita, kengele zikilia.

"Unajua nini kitatokea ukiyaandika hayo?" aliuliza bila kugeuka. "Kila aliyewahi kukiri mbele yangu, kukiri kwake kumekufa. Serikali haitauliza mara mbili. Itafunga. Na mkataba wa hawa watu unasema tiba ikifungwa, kila mmoja anarudi kumalizia kifungo. Wale wote, Daktari. Humo gerezani unga unapatikana kuliko sukari. Mimi niliwahi kwenda kuwatambua waliokufa humo. Sitaki kwenda tena."

"Na hawa wanaokiri uongo?"

"Wangapi? Mmoja? Na huyo tunamtoa kesho." Aligeuka. Macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba, si ya mtu anayeamuru. "Nakusihi kama ndugu. Acha hili lipite."

Siwema alikitazama kile kidude mezani. Alifikiria jina lake chini ya taarifa, wakubwa wake, maneno watakayosema: mtathmini mzima amebeba mali ya kliniki, na mgonjwa amefungwa kwa ajili yake. Hakusema ndiyo. Alikirudisha kidhibiti mkobani, akasema, "Kesho nitakileta mahakamani." Akatoka. Lakini akishuka ngazi alijua kwamba kule kunyamaza kwake, hakimu alikuhesabu kuwa ni kukubali, na kwamba hakukosea kuhesabu hivyo.

*

Kwenye lango la mahabusu alimkuta mwanamke wa makamo amesimama kivulini na bakuli lililofungwa kitambaa. Alimfahamu, kwani alikwisha kumhoji nyumbani kwake barabara ya kumi na mbili. Alikuwa Bi Mkunde, mama yake Mbaruku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona? Wamenikatalia. Wanasema mpaka kesho." Alimshika Siwema mkono. "Nimesikia watu wanasema kwa ajili ya huyu mpumbavu wangu tiba itafungwa. Nakuomba, isifungwe. Mwanangu alikuwa analala mtaroni. Nilikuwa naficha hata sufuria. Ile Soni ndiyo iliyomrudisha ndani."

"Sasa yukoje nyumbani, mama? Zaidi ya kuacha unga?"

Bi Mkunde alifikiri. "Mzuri. Mzuri mno." Alisita. "Zamani alikuwa mkaidi, ananijibu mpaka namfukuza na mwiko. Sasa nikimpa ugali umeungua anakula. Mdogo wake akimtukana anaomba radhi yeye. Juzi jirani kamkanyaga mguu, yeye ndiye kasema samahani." Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. "Lakini afadhali hivyo kuliko mtaroni. Si ndiyo?"

Siwema alichukua lile bakuli, akaahidi kulifikisha.

Kwa kibali chake cha utafiti walimruhusu. Askari alibaki mlangoni, mbali kidogo, akichezea simu. Mbaruku alikuwa ameketi sakafuni pembeni, ingawa benchi lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbaruku, kaa kwenye benchi."

Alikaa, kwenye ncha. Siwema aliliweka bakuli kando yake, akamwambia mama yake amezuiwa langoni.

"Nataka kukuuliza. Jana, ulikitupa kweli?"

"Ndiyo."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka." Alifumba macho. "Nilikitia mfukoni muuguzi alipokuwa ananawa. Nikaenda chooni. Nakumbuka hata sauti kilipodondoka."

Siwema alifungua mkoba, akamwonyesha. "Hiki hapa. Kilikuwa kwangu. Nilikichukua mimi kwa kusahau. Wewe hukuiba chochote."

Mbaruku alikitazama muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka.

"Umekitoa chooni," alisema. "Mama, mtu kama wewe umejichafua kwa ajili yangu mimi. Usifanye hivyo. Mimi sistahili."

"Sikukitoa chooni! Sikiliza..."

"Nisamehe. Nimekupa tabu."

Kila Siwema alivyozidi kumweleza, ndivyo Mbaruku alivyozidi kuinama. Wema wake ulikuwa mzigo mwingine juu ya mzigo. Siwema aliona hapo alichokuwa amekipima kwa juma zima na kukiita mafanikio. Alikumbuka wote aliowahoji, walivyomkubalia kila alichosema, walivyomshukuru kwa kuwauliza, naye akajiona hodari wa kuzungumza na watu.

Alimtupia askari jicho, kisha akakiwasha kidhibiti. Kioo kidogo kilionyesha jina la Mbaruku na namba saba. Kisheria, alichokuwa akikifanya kilikuwa kosa la jinai, na safari hii alikusudia. Aliishusha hadi moja.

Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha Mbaruku alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa majini. Mgongo ulinyooka. Alijifuta uso kwa kiganja, akakitazama kile kidude, akamtazama mwenye nacho.

"Kilikuwa kwako," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Mimi sikwenda hata chooni. Nilikwenda kunywa maji." Sauti ilikuwa ikipanda. "Ulikuwa nacho mkobani, ukanitazama mimi. Kwa nini mimi? Mbona hukumtazama muuguzi?"

"Mbaruku..."

"Nimelala chini! Mama yangu amesimama langoni! Na wewe ulikuwa nacho!"

Askari aliinua kichwa. Siwema alimpungia mkono kuwa hakuna neno.

Mbaruku alisimama, akaenda mpaka ukutani, akarudi. Mara ya tatu alipogeuka, hatua zake zilikuwa zimebadilika. Alikuwa akijikuna mikono. Midomo ilimkauka.

"Inakuja," alisema.

"Nini?"

"Ni kama arosto ya kukosa unga, sijui niiite nini. Kiu. Siku zote hizi ilikuwa imekaa pembeni tu inaningoja." Alijishika kichwa. "Nirudishie, mama. Rudisha saba."

"Nikirudisha saba utaamini tena kwamba umeiba."

"Bora mwizi kuliko hii!"

Kidole cha Siwema kilikuwa juu ya kitufe. Akirudisha, atamrudishia uongo. Akiacha, huenda anamfungulia mtu mlango wa mtaroni, naye mwenyewe atapanda treni arudi Dodoma. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepima maamuzi ya wengine. Hakujua la kufanya, na aliona aibu kwamba hakujua. Mwishowe alifanya jambo ambalo halikuwa katika mwongozo wowote: alimkabidhi Mbaruku kidhibiti.

"Panga mwenyewe."

Mbaruku aliipandisha hadi tano, akauma meno, akaishusha. Nne. Tatu. Akajisikiliza kama anayeonja chumvi ya mchuzi. Akaiteremsha mara moja tena.

"Hapa," alisema. "Hapa naiona kiu, na nakuona wewe." Akamrudishia. Hakusema asante.

*

Alhamisi benchi za Mahakama ya Tiba zilijaa. Wagonjwa walikaa mbele kwa safu, safi, kimya, mikono mapajani. Ndugu zao walikaa nyuma. Bi Mkunde alikuwa kwenye kona, na Mbaruku kizimbani.

Hakimu Mntangi alianza kusoma: kidhibiti kimeonekana ndani ya kliniki, na kwa hiyo mahakama...

"Mheshimiwa," Siwema alisema, akasimama.

Hakimu alimtazama kwa macho ya kumsihi. Siwema alihisi uso wake unawaka. Hakuwa na punje nyuma ya sikio, na hata hivyo kila alichotaka ni kukaa chini na kuacha lipite.

"Hakikuonekana kliniki," alisema. "Kilikuwa mkobani mwangu. Nilikichukua mimi. Huyu bwana alishukiwa kwa sababu mimi nilimtazama kwa kumshuku, akakiri kosa langu. Jana nilikwenda kwako na ukweli huu, na nilitoka nikiwa nimekubali kuunyamazia. Halafu nikaingia mahabusu nikaigusa Soni yake bila ruhusa. Hilo nalo ni kosa langu."

Kisha, katika safu ya mbele, mwanamke mmoja mwenye baibui la kijivu akainuka taratibu, kichwa chini.

"Mheshimiwa," alisema, sauti haisikiki vizuri. "Labda ni mimi niliyekitia mkobani mwa Daktari. Jumanne nilikuwapo kliniki."

"Kaa chini, mama," hakimu alisema.

"Nisamehe. Nadhani ni mimi."

Kabla hajakaa, mzee mmoja aliinuka upande wa pili. "Mimi ndiye niliyeacha mlango wazi, Mheshimiwa. Kosa ni langu." Nyuma yake akainuka mwingine, kijana wa karakana. Halafu mwingine. Hawakupandisha sauti. Kila mmoja aliomba radhi kwa kitu chake alichokitafuta na kukipata, na waliokuwa wamekaa walikuwa wakitokwa na jasho.

Hakimu Mntangi alivua miwani. Alikuwa ameshika kalamu, akaiweka chini. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amewasikiliza watu hawa wakikiri kila Alhamisi, na alikuwa akirudi nyumbani na moyo mweupe, akidhani anasikia watu wakipona. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Kaeni," alisema mwishowe. "Tafadhali, kaeni nyote. Hakuna aliyekosa." Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilimfikia kila mtu: "Walau si ninyi."

Amri aliyoitoa siku ile ilikuwa fupi. Mbaruku yuko huru. Hakuna kukiri kwa mwenye Soni kutakakopokelewa tena mahakamani pale, na waliorudishwa gerezani kwa kukiri kwao wasikilizwe upya. Hakuifunga tiba. Wala Siwema hakuandika ifungwe. Taarifa yake ilisema kwamba Soni inamwokoa mtu na unga na kumpokonya nafsi kwa wakati mmoja, kwamba yeye mwenyewe alilipima hilo la kwanza na hakuliona la pili, na kwamba kidhibiti akishike mgonjwa, si mwingine. Aliandika pia alichokifanya. Kabla ya mwisho wa mwezi aliondolewa kazini, na wizara ikaahirisha uamuzi.

Lakini hayo yalikuwa bado. Siku ile, nje ya mahakama, Bi Mkunde alikuwa akimkumbatia mwanawe na kumshika mashavu. Siwema alisogea. Alikuwa ameyapanga maneno, na yote yalimpotea.

"Mbaruku, nimekuja kukuomba radhi."

Mbaruku alimtazama. Hakuinamisha kichwa wala hakugusa sikio.

"Sijakusamehe," alisema.

"We Mbaruku!" Bi Mkunde alimpiga kofi la begani. "Mtu mzima huyo! Na amekusemea mbele ya watu! Ndivyo nilivyokulea?"

"Mama, niache kwanza," Mbaruku alisema. "Niache nikasirike."

Bi Mkunde alifungua mdomo kumkaripia, akaishia njiani. Alimkodolea macho yule mtu aliyemjibu. Kisha akaweka kiganja mdomoni, mabega yakaanza kutikisika, na Siwema, aliyekuwa amesimama pale na radhi yake iliyokataliwa, hakuweza kujua kama mama yule alikuwa akilia au akicheka.